Migomba Aliyoipanda Papa Nyangezi

Papa alijifunza kushona kwa kufumua. Hakuna aliyemfundisha kukata kitambaa. Alikuwa kijana wa Kadutu, mtaa wa Bukavu, baba yake alikufa yeye angali mdogo sana, na mama yake aliuza unga wa mihogo sokoni. Fundi mmoja wa avenue yao alimpa kazi ya kufumua makoti ya zamani ili vitambaa vitumike tena. Katika kufumua, Papa akaona jinsi mkono wa koti unavyoshikana na bega, na jinsi kola inavyokuwa na kola nyingine ndani yake. Siku fundi yule alipougua, Papa akakaa kwenye mashine, na tangu hapo hakuondoka. Mpaka leo mtu akipita barabarani, Papa hamtazami usoni. Anamtazama mabega.

Alipomwoa Maman Rosalie alikuwa na mashine yake mwenyewe na chumba kimoja cha kupanga. Kisha ikaja amri ya serikali kwamba veste na cravate ni vitu vya wakoloni, wanaume wavae abacost, koti linalofungwa mpaka shingoni bila tai. Mafundi wa Bukavu walifurahi, wakakaa milangoni kungoja wateja. Papa hakungoja. Alisema huko chini, kwenye njia ya Uvira, kuna wakurugenzi wa shule, makatekista na makapita, wakubwa wa vijiji, ambao nao wanataka kuonekana raia wema, na hawana fundi. Akanunua kombi kuukuu kwa Mgiriki mmoja aliyekuwa akifunga duka. Akatoa viti vya nyuma, akafunga mashine sakafuni kwa bolti, akaweka kitanda cha mbao juu ya masanduku ya vitambaa. Ubavuni akaandika kwa rangi nyeupe: TAILLEUR MODERNE, fundi wa kisasa.

Hivyo Papa na Maman wakawa watu wa barabara. Walipita Nyangezi, wakashuka mteremko wa Ngomo mpaka Kamanyola, wakaenda Luberizi, wakafika Uvira, kisha wakapanda tena. Papa alikata na kushona, Maman alitengeneza matundu ya vifungo kwa mkono. Luberizi watu walilipa kwa mchele, kwa hiyo abacost zetu zote zilinuka mchele. Mimi, binti yao, nilibaki Bukavu kwa maman mudogo, mdogo wake Maman, juu ya masomo, lakini wakati wa vacances, shule zikifungwa, nilipanda kombi nao. Nilipenda kila kitu: kuamka mahali nisipopajua, kuuliza mto huu unaitwaje, kuona kapita mzima amesimama mikono juu kama mtoto anayevuliwa shati, Papa akimpima kifua na kumwambia asijaze pumzi.

Mwezi wa tisa mwaka wa 1974, wakipanda Ngomo na magunia ya mchele, boîte ya vitesse, yaani giaboksi, ilivunjika. Lori moja liliwavuta mpaka Nyangezi, likawaacha kando ya barabara. Mécanicien alilala chini ya kombi kwa muda mrefu, akatoka akipangusa mikono kwenye suruali.

"Papa, hii boîte imekufa," alisema. "Ingine iko labda Bujumbura, labda kwa Mungu."

Maman mudogo alikuwa anamfuata bwana yake Kisangani siku hizo hizo. Basi nami nikaletwa Nyangezi, nisome pale mpaka kombi ipone.

Mahali lori lilipoiacha kombi palikuwa mbele ya lupango, yaani uwanja wenye uzio, ya mjane mmoja, Maman Cibalonza. Ni mama mfupi, ana mwendo wa haraka, na akikuuliza kitu anakutazama mpaka ujibu. Siku ya kwanza aliizunguka kombi yote, akachungulia ndani, akamuuliza Maman kama ni kweli wanalala humo.

"Ndio nyumba yetu," Maman alisema.

"Na mukigombana, mutu anaendaka wapi?"

Maman alicheka mpaka akashika mlango. Siku hiyo hiyo Maman Cibalonza alitupa nyumba ya mtoto wake Placide, ambaye alikuwa mbali Mwenga, kwenye mashimo ya dhahabu. Kombi tukaisukuma ndani ya lupango, na baada ya wiki kuku walikuwa wanataga chini yake.

Shamba lililokuwa nyuma ya nyumba lilikuwa la marehemu bwana yake. Maman Cibalonza alilishika kwa ajili ya Placide, arudi alikute. Ng'ambo ya mfereji alikaa Muzee Cirhuza, ndugu ya marehemu, na kila akipita alilitazama shamba lile kama mtu anayetazama sahani ya mwenzake. Maman Cibalonza alituambia wazi: kosa moja tu, shemeji yake angeita ukoo na kusema mwanamke huyu hajui kutunza udongo, arudi kwao. Kwao hakukuwa na mtu tena.

Shuleni waliniita mutoto wa kombi. Mtu akinikanyaga alisema, "Pardon, sikusikia klaxon," kana kwamba nina honi. Nilizoea. Hata mimi nilicheka mara moja moja, maana Papa alisema tunapita tu, na mtu anayepita hachukui maneno ya watu moyoni.

Lakini yeye mwenyewe aliacha kupita.

Mvua ilipoanza na watu wakapanda maharagi, Maman Cibalonza alitupa kipande cha shamba. Kwa Bashi, watu wa Nyangezi, njia hiyo inaitwa bwasa. Unapewa udongo kwa msimu, unalima, unavuna, unarudisha. Papa alimshonea libaya, blauzi ya kitenge, akaleta mtungi wa kasiksi, ile pombe ya ndizi, wakainywa jikoni yeye, Maman na Maman Cibalonza, na neno likawa limekwisha. Iko njia nyingine, kalinzi: hiyo unatoa ng'ombe mbele ya ukoo na kapita, na udongo unakuwa wako na wa wajukuu wako. Naandika hapa kana kwamba tuliyajua hayo yote. Tulijua bwasa tu, kwa kuwa ndiyo tuliyopewa.

Papa hakuwahi kushika jembe maisha yake. Wiki ya kwanza viganja vyake vilitoka malengelenge, akashindwa kushika sindano, naye alitembea akiyaonyesha kama medali. Maharagi yalipochomoza aliniita kabla ya shule nije nione. Alianza kusalimia watu kwa Mashi, lugha ya Bashi, Mashi yake ya mjini, ambayo watoto waliigiza nyuma ya uzio. Na alianza kusema neno ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake Bukavu.

"Mi niko mwana wa hapa," aliwaambia wateja, pini zikiwa mdomoni. "Sisi ba Zihindula tulitokaka huku huku. Muzee wangu alishuka ville wakati ya Babelgiji, lakini mizizi iko huku."

Wateja walisema ndiyo, ndiyo. Mtu anayekupima suruali huwezi kumbishia.

Mimi nilimwamini. Zihindula ndilo jina letu tangu Zaïre ilipokataza majina ya ubatizo. Nilianza kutazama vilima vya Nyangezi na kujiuliza ni kipi kati ya hivyo kilikuwa cha babu.

Mwezi wa kumi na moja, katekista mmoja alikosa kitu cha kulipia abacost yake, akamletea Papa machipukizi mazuri ya migomba, manene, yenye udongo wake chini. Papa aliyazunguka kama alivyozoea kuzunguka kitambaa kipya. Migomba ya Maman Cibalonza mwenyewe, ile iliyokuwa karibu na nyumba, ilikuwa imezeeka na mingine imeanguka. Papa akasema amepata namna ya kumshukuru mama huyu, maana libaya moja si kitu. Atampandia migomba. Atakula ndizi mpaka Placide arudi, na sisi tutakuwa tumeshaondoka.

Ilikuwa siku ya soko. Maman Cibalonza alikwenda Mugogo tangu asubuhi, Maman alikuwa mtoni na nguo. Nilipotoka shule nilimkuta Papa amevua shati, anachimba. Hakupanda kule nyuma ya nyumba penye migomba ya zamani. Alipanda katika kipande chetu, katikati ya maharagi, mstari mmoja kando ya barabara, wima, sawa kama mshono wa suruali. Alitaka watu waone.

Watu waliona. Mama mmoja mwenye kitunga cha mihogo alipita, akasimama, akatazama mashimo, akamtazama Papa, akaenda bila neno. Nyangezi mtu hapiti bila kusalimia.

"Papa," nilisema, "yule maman hakutusalimia."

"Kitunga iko muzito," Papa alijibu. "Nipe ile ingine."

Wanaume wawili wakapita. Hao nao walisimama, wakasemezana kidogo, na mmoja akageuka kurudi alikotoka, kuelekea ng'ambo ya mfereji. Papa akawapungia mkono.

Maman Cibalonza alirudi jua likiwa bado juu. Papa alimngoja mlangoni, amevaa shati safi, anatabasamu kama siku mtu anapojaribu nguo mpya mbele ya kioo. Maman Cibalonza aliona mstari ule akiwa bado barabarani. Alitua kitunga chini, kisha naye akakaa chini kando ya kitunga, miguu imenyooka, mikono juu ya kichwa, kama tunavyokaa kwenye kilio.

"Tailleur," alisema polepole, "nani alikuambia upande ile?"

"Hakuna mutu. Ni cadeau, Maman. Ni aksanti yetu."

"Cadeau." Alirudia lile neno kama analionja. "Wewe Mushi?"

"Niko Mushi, ndiyo."

"Na haujue mugomba ni nini?"

Papa alinitazama mimi, kana kwamba shule ilinifundisha. Maman Cibalonza hakupandisha sauti. Alieleza kama unavyomweleza mtoto wa watu, ambaye huwezi kumpiga. Katika bwasa unapanda maharagi, mahindi, viazi, kitu kinachovunwa na kuisha. Mgomba hauvunwi ukaisha. Unazaa mwingine, na ule mwingine, na mwenye mgomba ni mwenye udongo. Mtu wa bwasa akipanda mgomba, amesema mbele ya watu wote kwamba udongo ni wake. Na mjane anayemwacha apande, ametoa kalinzi kwa siri. Ameuza shamba la mtoto wake.

"Nitaing'oa sasa hivi," Papa alisema, akaanza kukunja mikono ya shati.

"Acha. Bote bameona. Ukiing'oa leo batasema tumeficha." Alitazama ng'ambo ya mfereji. "Shemeji yangu iko anavaa viatu."

Kweli alikuwa anakuja, Muzee Cirhuza, na wale wanaume wawili nyuma yake. Hakuingia ndani ya lupango. Alisimama barabarani, akagusa jani la mgomba wa kwanza kwa fimbo yake.

"Ng'ombe iko wapi, shemeji?" aliuliza. "Ile ya kalinzi. Ama ulikula peke yako?"

"Hakuna ng'ombe. Ni bwasa."

"Bwasa ya migomba. Leo nimejifunza kitu." Akamgeukia Papa kwa heshima kubwa, ile heshima inayouma. "Karibu jirani. Jumapili, kisha misa, kapita atakuya. Utuambie vizuri."

Siku zilizobaki mpaka Jumapili Papa hakushona. Maman alimwambia mara moja tu kile alichofikiri.

"Wewe ulitaka kubakia hapa. Ungeniambia. Ningekukatalia, na huyu mama angelala vizuri."

Papa alianza kupangusa udongo kwenye jembe, na hapo nikajua ni kweli. Alimpandia Maman Cibalonza, ndiyo, lakini mstari ule aliuweka kando ya barabara, watu waone Zihindula amepanda. Kwa mara ya kwanza nilianza kuona aibu, si ile ya klaxon.

Jumapili Papa alivaa abacost yake ya buluu.

"Usivae ile," Maman alimwambia. "Vaa shati."

"Nitaenda mbele ya batu kama muvivu?"

"Nenda kama mutu amekosea."

Alivaa abacost. Watu walikuwa wengi kando ya shamba, wametoka misa, bamaman wakiwa na watoto mgongoni, wanafunzi wa darasa langu wamepanda juu ya uzio. Kapita alikuwa mzee mnene, ana kikohozi. Yeye pia alivaa abacost, na Papa ndiye aliyeishona. Maman Cibalonza alikaa chini, peke yake, mbele. Ndugu za marehemu walikaa upande wa pili na Muzee Cirhuza.

Kapita alimuuliza Maman Cibalonza kama alipokea kalinzi. Alisema hapana. Nani alishuhudia bwasa? Alisema: Tailleur na bibi yake, na mtungi. Watu wakanong'ona. Mtungi hauwezi kusimama ukasema.

Hapo Papa akasimama bila kuitwa. Alifunga kifungo cha juu.

"Citoyens, citoyennes," alianza, na nikafumba macho. Alisema hakuna sababu ya ugomvi. Alisema hata kwa sheria mpya ya Zaïre, udongo wote ni wa État, yaani serikali, si wa mtu, si wa ukoo, kwa hiyo mgomba hauwezi kumnyang'anya mtu kitu ambacho si chake. Alisema na maneno ya kifaransa katikati. Nadhani alikuwa ameyapanga siku zote zile.

Maman Cibalonza aliinua kichwa akamtazama Papa, na nilimwona anaelewa kwamba mtu aliyekuja kumtetea amesema sasa hivi, mbele ya shemeji yake, kwamba shamba la Placide si la Placide.

"Mumesikia," Muzee Cirhuza alisema kwa upole. "Si mimi nimesema."

Kapita alikunja midomo. "Tailleur, kama udongo ni ya État, ile maharagi unakula unaombaka État chumvi?" Watu walicheka kidogo. "Kaa na sheria yako. Mi nakuuliza kitu moja. Unajisifia kila siku asema uko mwana wa hapa. Kama uko mwana wa hapa, unajua mugomba. Kama unajua mugomba, ulipanda na akili yako, na huyu mama alikupa kalinzi, na atarudi kwabo leo. Ndio vile?"

Papa alitazama mstari wake wa migomba.

"Baba yako alitokaka kilima gani?" Muzee Cirhuza aliuliza. "Zihindula gani? Mi niko na miaka mingi hapa, Zihindula sijamuona."

Papa alimtazama Maman Cibalonza, aliyekuwa bado chini, mikono mapajani. Akafungua kifungo cha juu, kisha cha pili. Alipozungumza, sauti ya Citoyens ilikuwa imekwisha. Ilikuwa Swahili ya Kadutu tu.

"Sijue," alisema.

"Haujue nini?"

"Kilima. Sijue kilima. Baba alikufa niko mutoto, hakuniambia. Mama naye hakujua." Akafungua kifungo cha tatu. "Na Zihindula si jina ya babu yangu."

Maman, aliyekuwa karibu nami, aligeuka akamtazama. Naye hakujua.

"Ni jina ya nani?" kapita aliuliza.

"Wakati walikataza majina ya ubatizo, tulienda bote ku biro ya Commune. Ligne ilikuwa murefu. Agent ananiuliza, citoyen, jina ya mababu. Mi sina. Baba aliniachia jina ya ubatizo tu, na ile wamekataza. Batu ba nyuma banasukuma, agent anasema haraka, haraka. Nikasema Zihindula."

"Ni nani?"

"Mwenye nyumba," Papa alisema. "Kule tulikuwa tunapanga."

Mtoto mmoja juu ya uzio akacheka, kisha bamaman, kisha wote. Walicheka mpaka watoto wa mgongoni wakaamka. Mzee mmoja wa upande wa Cirhuza alijipiga paja akisema, "Babu yake ni locataire, mupangaji," na mwingine akamsahihisha, "Hapana, ni bailleur, mwenye nyumba," na kicheko kikaanza upya. Papa alisimama katikati, abacost imefunguka kifuani, hakuficha uso. Nilitazama vidole vyangu vya miguu. Nilitaka udongo ule, uwe wa État au wa nani, unimeze.

Kapita alingoja mpaka kikohozi chake kilipomruhusu.

"Nimesimamia kalinzi nyingi," alisema. "Kitu ya kwanza tunaulizaka mutu: mwana wa nani. Huyu hata yeye hajui. Kalinzi itamushika wapi? Mutu hajue babu yake, atajua mugomba namna gani? Hapa hakuna kalinzi. Hapa iko bujinga." Akamgeukia Muzee Cirhuza. "Ama wewe ungemupa huyu ng'ombe wako achunge?"

Watu wakacheka tena, na Muzee Cirhuza, kwa kuwa wote walicheka, hakuweza kukasirika. Alisema tu kwamba migomba itoke.

"Itatoka leo, na yeye mwenyewe," kapita alisema. "Maharagi yake yabakie mpaka ayavune. Bwasa ni bwasa."

Papa aliing'oa mbele yetu. Hakuna aliyemsaidia wala aliyeondoka. Alikuwa ameichimbia vizuri mno, ilishika, na ilibidi apige magoti na kuvuta kwa mikono miwili. Alikanyaga maharagi yake mwenyewe. Kila mgomba ulipotoka watoto walisema "moja tena" kama kwenye mchezo. Maman alitoka upande wangu, akaenda kushindilia udongo katika mashimo kwa miguu yake, nyuma yake, kimya, mpaka mwisho wa mstari.

Watu walipoondoka, Maman Cibalonza alikuja akasimama mbele ya Papa.

"Umeniokoa na umenikosea, yote siku moja," alisema. "Sijue nikuambie nini."

Papa alipangusa udongo magotini. Alikwenda kunawa, akanawa muda mrefu.

Jioni nilimkuta ndani ya kombi, amekaa kwenye kiti cha dereva. Nilitaka kunyamaza, lakini mimi nikiwa na swali siwezi.

"Papa, basi jina yangu mimi ni ya nani?"

"Nimeshasema."

"Huyo muzee wa nyumba, alikuwa mutu muzuri?"

Alifikiri. "Alikuwa anafungaka robinet ya maji mapema," alisema. "Enda ulale, mutoto yangu."

Jumatatu mwalimu alisoma majina. Alipofika "Zihindula" darasa lote likaanguka kwa kicheko, na mwalimu, ambaye ni wa Uvira na hakuwa amesikia lolote, aliinua macho akauliza kitu gani. Nilisimama nikasema présente. Waliacha kuniita mutoto wa kombi. Sasa niliitwa mujukuu wa Commune.

Wateja walirudi. Nilidhani hawatarudi, lakini nguo zilikuwa zinachanika kama kawaida. Papa aliwapima bila hadithi. Hakusalimia tena kwa Mashi. Mtu akimtania kuhusu babu yake alitabasamu, pini mdomoni, na kuinamia kitambaa. Maman Cibalonza alimtumia chakula kama zamani, lakini yeye alikula ameelekea ukuta, na shambani alipita upande wa nyuma ili asionekane kutoka barabarani. Palipokuwa na mashimo maharagi hayakuota tena. Kutoka barabarani uliona mabaka yaliyo wazi, yamepangwa mstari.

Boîte ilipatikana Bujumbura baada ya Noeli. Tulivuna maharagi wiki ile ile. Kabla ya kuondoka Papa alifanya kitu ambacho hakuna aliyemwomba: alikwenda kumwita kapita, kisha akavuka mfereji kumwita Muzee Cirhuza, waje waone akirudisha udongo. Safari hii kulikuwa na mashahidi zaidi ya mtungi. Alivaa shati.

Alisimama katikati ya kipande kilichovunwa, mbele ya Maman Cibalonza, akasema anaurudisha udongo aliopewa kwa msimu mmoja, na hadai kitu ndani yake.

"Ni nani anarudisha?" kapita aliuliza. Ndivyo inavyoulizwa, nadhani, lakini watu kadhaa walianza kutabasamu wakingoja.

Papa alitazama chini. Kisha akasema, si kwa sauti kubwa, lile jina ambalo baba yake alimpa kanisani na ambalo raia hana ruhusa ya kulitaja mbele ya mtu wa chama kama kapita:

"Déogratias."

Kapita aligeukia barabara, akakohoa kwa muda mrefu kuliko alivyohitaji.

"Sikusikia jina," alisema. "Fundi amerudisha udongo ya bwasa kwa Maman Cibalonza na mutoto wake. Mumeona?"

"Tumeona," watu walisema.

Muzee Cirhuza alisema wa mwisho, akitazama ng'ambo. Lakini alisema. Maman Cibalonza akaokota jembe lake, akaanza kulima pale pale penye mabaka, na Papa akabaki amesimama kando yake, kofia mkononi, mpaka Maman alipomwita mara ya pili aje apande kombi.